Sinia la Mpakani

Chini ya bahari, kati ya nchi kubwa ya Ukwenzi na kijinchi cha Pwanga, paligunduliwa gesi. Siku ya kutia saini mkataba wa kuichimba kwa pamoja, Waziri Mkambala wa Ukwenzi alikuja na mpaka aliokwisha kuuchora mwenyewe: gesi yote kwake, matope kwa Pwanga.

"Kila mtu ale cha mbele yake, Bi Zamzam."

"Sawa, mheshimiwa," alisema mjumbe wa Pwanga, ambako watu walikuwa bado wanapikia makumbi ya nazi. "Na kitakachovuka chenyewe?"

"Cha atakayekipokea. Andikeni hivyo. Gesi imo ndani ya mwamba, mama, haina miguu."

Ikaandikwa, wakatia saini. Kisha kikaletwa chakula, sinia moja la pilau, na bega zima la mbuzi limelala juu, upande wa Waziri. Bi Zamzam hakulalamika. Alimwuliza mheshimiwa habari za mikutano yake ya ng'ambo, naye akaanza kusimulia. Bibi akala wali wa mbele yake, akichota chini chini, taratibu, hadi kilima cha pilau kikaporomoka na bega likateleza likatua kwake.

"Bibi, hiyo nyama yangu."

"Imevuka yenyewe, mheshimiwa, na miguu haina. Kesho nachimba kisima changu cha gesi hivi hivi, kwenye matope yangu, kando ya mpaka."

Waziri aliitazama nyama, akaitazama ramani. Akaomba mkataba mpya, nusu kwa nusu, na kipande cha bega.