Saumu Isiyo na Magharibi

Mwenye njaa hafundishwi kufunga. Asubuhi mmemsikia shangazi yenu akimtupia mtu maneno hayo kwenye simu, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza kayatoa wapi. Hakuyatunga yeye. Yalizaliwa katika kiwanda cha korosho huko kusini, kinywani mwa mwanamke aliyeitwa Somoe. Kaeni basi, niwaambie ilivyokuwa.

Somoe alikuwa mmenyaji. Korosho ikishabanguliwa huingizwa tanurini ikauke, na ikitoka bado ina utando mwekundu mwilini. Utando huo ndio Somoe na wenzake walioutoa kwa vidole. Ni kazi isiyongoja. Korosho ikilala huvuta unyevu, utando ukang'ang'ania, na kila unayoigusa inavunjika. Na wao walilipwa kwa kilo ya korosho nzima tu. Zilizovunjika ziliuzwa vilevile, ila mmenyaji hakuona hata senti yake. Mimi jambo hilo linanikera mpaka leo.

Basi mshahara ukakawia. Mwezi ukaisha, meneja, Bwana Likapa, akasema, "Subirini." Wa pili nao ukaisha, akasema subirini, hata hakujisumbua kutafuta neno jingine.

Wote waliumia, lakini Somoe alibanwa zaidi. Mumewe alipougua, yeye aliiweka rehani mikorosho yake kwa mchuuzi mmoja, na mume akafa vilevile. Sasa zamu yake ya upatu ilikuwa imefika, na kwa fedha hiyo angeikomboa. Mikorosho ilikwisha kutoa maua. Msimu ukiingia kabla hajalipa, mchuuzi angevuna tena, naye Somoe angeendelea kumenya korosho za watu huku zake zikiokotwa na mwingine. Lakini upatu huchezwa kwa mshahara, na mshahara ndio huo wa subirini.

Mwenye kiwanda aliishi mjini. Huko akasikia mkutanoni kwamba mwajiri wa kisasa hujali ustawi wa kifedha wa wafanyakazi wake. Neno likamkaa vizuri. Hakutuma mshahara, akatuma mwalimu.

Mwalimu mwenyewe alikuwa kijana mpole, jina lake Evarist. Alifika siku ambayo lori la mnunuzi lilikuwa njiani na trei zimetoka tanurini muda huo huo. Bwana Likapa akatundika bango la semina ya akiba ukutani, akasimamisha ubao, akawaita kina mama waache kazi waketi mikekani. Ilikuwa lazima. Muda wa kukaa pale haukuwa na malipo, maana somo halipimwi kwa kilo.

"Dada zangu," Evarist akaanza, "akiba ni kujinyima. Ukiacha chai na andazi la asubuhi, mwisho wa mwezi una kitu. Pia anzisheni vikundi vya upatu."

Kina mama wakatazamana. Mmoja akaguna, mwingine akajifunika kanga usoni asionekane anavyocheka. Somoe hakucheka. Hasira ilimpanda, akasimama.

"Mwanangu, samahani nikukatize. Wewe umeshalipwa kazi hii ya leo?"

Kijana akababaika. "Nililipwa kabla sijapanda basi, mama. Bila hivyo nisingekuja."

"Umefanya vizuri. Sisi mwezi wa pili huu hatujalipwa. Upatu unaotufundisha tunaucheza tangu hujazaliwa, na aliyeuua ni huyo aliyekutuma. Hilo andazi unalotaka niliache, niliache mara ngapi? Lilishaniacha lenyewe!"

"We Somoe!" Bwana Likapa akafoka. "Kaa chini! Watu wanakufundisheni kujinyima, unaleta ujeuri?"

"Kujinyima nakujua, bwana meneja. Nafunga Ramadhani tangu nikiwa mtoto, na nafunga nikijua magharibi nitafuturu. Saumu yenu hii magharibi yake iko wapi? Mwenye njaa hafundishwi kufunga!"

Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Bwana Likapa akatazama mlangoni, akaziona trei zinapoa. "Haya, semina imekwisha. Rudini kazini."

Hapo ndipo Somoe alipofanya lile lililowapa watu hadithi. Badala ya kutoka, akakaa mkekani na kukunja miguu.

"Haijakwisha," akasema. "Umesema ni lazima, nasi tumetii. Mwalimu, mimi ni mzito wa kuelewa. Hebu rudia tangu mwanzo."

"Na mimi sijaelewa," akadakia jirani yake.

"Hata mie. Pale kwenye andazi hasa."

Hakuna aliyenyanyuka. Bwana Likapa akatisha kuwafukuza, wakamwambia awafukuze, kisha amenye yeye. Akabembeleza, wakamwambia ashushe sauti, asimkatize mwalimu. Na Evarist, Mungu ambariki, alielewa upepo unavuma wapi. Akafuta ubao, akarudia somo polepole, neno kwa neno, kama anayewafundisha watoto wa chekechea.

Bwana Likapa akatoka nje na simu yake. Alichomwambia tajiri hakikusikika, lakini mikono yake ilikuwa ikirushwa huku na huku. Kabla ya alasiri gari la ofisi likaja na mishahara, ya miezi yote miwili. Kila mama akapokea chake mkononi, akahesabu, ndipo akaenda kwenye trei. Walimenya kwa mbio, na korosho nyingi ziliokoka. Zilizovunjika safari hii zilimuuma mwenye mali pia, maana mnunuzi alitaka nzima.

Jioni upatu ukachezwa palepale chini ya lile bango. Kesho yake Somoe akaikomboa mikorosho yake. Mchuuzi alinuna, akanuniwa pia.

Evarist alirudi mwaka uliofuata, mishahara ikiwa inalipwa kwa wakati. Safari hiyo kina mama walimsikiliza kweli, wakamuuliza maswali mpaka akachoka, na wengi walipunguza hili na lile kwa hiari yao. Hawakuwahi kuichukia akiba, wajukuu zangu. Walichokataa ni kuhubiriwa subira na mtu aliyekalia chakula chao. Kufunga ni uamuzi wa mwenye futari. Mlipe kwanza, ashibe, kisha mwambie utakalo. Lakini mwenye njaa hafundishwi kufunga.