Mashavu ya Nozeli ya Kwemchanga

"Mdomo ndio utoao, shavu ndilo lishikalo." Maneno hayo yalisemwa jana harusini na mama wa bwana harusi, na vijana wawili wakacheka wakidhani kuna mtu anasemwa kwa ulafi. Leo wamemfuata Bi Hindu Kaniki kumwuliza asili yake, maana yeye alisokota nyuzi kiwandani Kwemchanga mpaka akastaafu. Bi Hindu aliwatazama kwanza, akatikisa kichwa.

"Ulafi gani? Hamjui kitu halafu mnacheka. Haya, kaeni. Methali hii haikuanzia mezani kwenye pilau. Ilianzia tanurini, na ilianza hivi."

Kiwanda cha Kwemchanga kilitengeneza nyuzi za kioo. Mchanga mweupe uliyeyushwa kwa moto mkali, ukachuruzika kupitia nozeli, yaani vijibomba vidogo vya madini ya platini, na mashine chini ikauvuta ukawa uzi mwembamba kuliko unywele. Nyuzi hizo huchanganywa na plastiki kupata vitu vyepesi na vigumu. Uzi wa mviringo kila kiwanda kiliweza kuutoa. Kwemchanga walitaka uzi bapa, kwa sababu nyuzi bapa hulaliana kama ukili wa mkeka, na kitu kilichotengenezwa nazo hakipindi upesi.

Mchoraji wa nozeli hizo alikuwa Mwasiti, binti wa Kibondei mwenye shahada ya uhandisi na kichwa kigumu cha kurithi. Mdomo wa nozeli yake aliuchora mrefu na mwembamba, kama tundu la kibubu. Mwanzoni ulitoa uzi bapa wa kupendeza. Lakini moto ni moto. Baada ya wiki chache mdomo ulifutuka, na uzi ukarudi kuwa mviringo. Kioo kilichoyeyuka chenyewe hakipendi ubapa. Ukikipa nafasi kidogo tu kinajikusanya, kama tone la maji juu ya jani la jimbi.

Nozeli za awali zikafa, za pili zikafa. Bwana Jamaldini, mwenye kiwanda, akamwita Mwasiti.

"Tutaziyeyusha tuzisubu upya mara moja tu," akamwambia. "Zikiharibika tena, nafunga tanuri la nyuzi bapa. Mzee Semkiwa na watu wake wanaotunza moto nitawaaga."

Mwasiti alitoka mle ofisini akiwa ameumia. Yeye mwenyewe ndiye aliyekwenda kuwatoa akina Semkiwa kwenye matanuri ya chokaa, walikokuwa na kazi yao na riziki yao. Aliwaambia, "Njooni, kule kuna kesho." Sasa kesho yenyewe ilikuwa inafungwa mlango. Akaapa moyoni kwamba hawatarudi kwenye chokaa kwa sababu yake.

Kabla ya hapo, kwenye zile nozeli za pili, alikuwa amefuata ushauri wa Mzee Semkiwa. "Chembamba hupinda," mzee alisema, "uongeze unene." Mdomo ukaongezwa unene. Kweli haukupinda, ila ulishika joto kama chungu cha maharage. Kioo kilitoka bado cha moto mno, kikajiviringa kabla hakijapoa. Nozeli imara, uzi mbovu. Basi akarudi kwenye mdomo mwembamba, na hapo ndipo alipokumbuka desturi ya koleo.

Mnajua, pale tanurini hakuna zamu iliyokubali kukabidhi uzi wa mviringo kwa zamu inayofuata. Ilikuwa aibu kubwa. Kwa hiyo, kila saa ya makabidhiano ikikaribia, mtu alichukua koleo refu akaubana mdomo wa nozeli mpaka uzi ulale. Wenyewe waliita kuukanda mdomo. Haikuwa siri. Mwasiti alijua, na kila mara aliwashukuru. Nozeli za mwisho zilipofungwa tanurini, aliwashangaza watu.

"Mjomba Semkiwa, kuanzia leo hakuna kukanda."

"Na uzi ukitoka mviringo?"

"Utoke."

"Mwanangu, zamu nyingine watatucheka mpaka wazirai."

"Wacha wacheke. Kila siku tunamfuta mgonjwa jasho kabla daktari hajafika, halafu tunauliza homa imetoka wapi. Nataka niuone mdomo unapoanza kupinda, pasipo mtu kuugusa."

Mzee Semkiwa alikasirika. "Nozeli hizi ndizo za mwisho! Tanuri likifungwa wewe una shahada yako. Sisi tuna nini?"

"Mna neno langu," Mwasiti akajibu. "Niliwatoa kule kwa mdomo huu. Siwarudishi."

Mzee akampachika koleo mikononi. "Basi kalale nalo," akasema, akaenda zake kuchochea moto.

Nyuzi zikaharibika. Zamu nyingine wakacheka kweli, wakaimba na vijembe. Mwasiti alivaa miwani myeusi akakaa mbele ya joto lile, akainuka pale tu macho yalipomwuma. Mwishowe aliona. Pembe za mdomo hazikusogea hata kidogo, kwa sababu pale ukuta mrefu ulishikwa na ukuta mfupi. Palipofutuka ni katikati ya ukuta mrefu, ambapo hapakuwa na wa kuushika. Na kila walipopabana kwa koleo walipazidisha wembamba. Mdomo haukuhitaji unene, ulihitaji pa kuegemea.

Akaomba nozeli moja ing'olewe. Nje ya kila ukuta mrefu, katikati, juu kidogo ya ukingo, akaunganisha kipande cha platini kilichotuna. Ukingo wenyewe akauacha mwembamba upate kupoa. Mzee Semkiwa aliigeuzageuza ilipopoa, akacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya koleo.

"Umeiwekea mashavu!"

Jina likashika. Wakaziwekea zote mashavu. Masika yakapita, watu wakavuna mahindi, uzi bado umelala bapa. Koleo likaota kutu kwenye msumari wake.

Bwana Jamaldini akaja tanurini, uso umemchangamka, Mwasiti akamweleza kazi ya mashavu. Akausifu mdomo ule mwembamba, akamsifu aliyeuchora.

"Nakupandisha cheo, Mwasiti. Na kwa kuwa sasa hakuna cha kukanda, Mzee Semkiwa na wenzake warudi tu kwenye chokaa. Nozeli inajitegemea."

Mzee Semkiwa alivua kofia. Mwasiti damu ilimchemka, lakini hakupiga kelele. Alichukua nozeli moja ya akiba mezani, na tupa ya kusagia.

"Vizuri, bwana. Na mimi nina la kupunguza. Haya mashavu ni platini tupu, na hakuna hata tone la kioo linalopita humo. Nayasaga."

"Usiguse!" Bwana Jamaldini akamshika mkono. "Utaharibu! Mdomo utafutuka!"

"Lakini si mdomo ndio utoao uzi?"

"Mdomo ndio utoao, shavu ndilo lishikalo! Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha..."

Mwasiti alikuwa hamtazami tena. Aliwatazama wale watu wa chokaa: mmoja anapima mchanga, mwingine analinda moto usipande wala kushuka, mwingine anaunga uzi uliokatika.

"Hawa nao hawatoi uzi, bwana," akasema taratibu. "Moto huu ukiyumba asubuhi moja tu, hakuna nozeli itakayopona. Wasage basi, nione."

Bwana Jamaldini aliigeuza ile nozeli vidoleni, uso umemshuka. Kisha akaiweka mezani kwa uangalifu, akamgeukia mzee.

"Mzee Semkiwa, vaa kofia. Moto unakungoja."

Mzee akavaa kofia, akarudi kwenye tanuri lake. Alipofika, akawageukia wenzake, akawapa neno lile lile la tajiri kwa sauti ya kushinda mngurumo wa moto, nao wakalipokea zamu nzima: mdomo ndio utoao, shavu ndilo lishikalo.