Kiongozi Aliyewarudisha Mahujaji

Inasimuliwa, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika nchi ya Yemeni palikuwa na mja mwema akiitwa Nuumani bin Ghalibu, ambaye kwa miaka ishirini aliwaongoza mahujaji kwa miguu hadi Makka. Watu walimwamini kuliko macho yao.

Mwaka mmoja dhoruba ya mchanga ilikuwa imekifukia kisima cha mikati, pale ambapo hujaji huvua nguo zake, hujifunga shuka mbili nyeupe na kutia nia, wala haifai apapite kabla ya kufanya hivyo. Nuumani akapapita bila kujua. Akawasimamisha kwenye kisima cha mbele, mwendo wa nusu siku, nao wakaoga, wakavaa ihramu, wakaitikia "Labbayka" huku wengi wakilia.

Yeye peke yake akautazama mlima uliokuwa karibu, akagundua kosa lake. Akisema, msafara mzima utarudi juani, na nani tena atakubali kuongozwa naye? Akinyamaza, hakuna atakayejua. Wallahi, mtihani huo si mdogo, na sisi tunaousimulia tukiwa kivulini tusijifanye mashujaa.

Akazitazama shuka alizojifunga. Ni mahujaji wangapi aliowafundisha kwamba hizo ni alama ya kuvua cheo, ili tajiri na fukara wasimame sawa mbele ya Mola wao? "Ewe nafsi," akasema, "kanzu umeivua, lakini cheo bado umekivaa."

Akasimama mbele yao. "Ndugu zangu, nimewapoteza. Mikati tumeiacha nyuma. Nisameheni, turudi."

Wakamjia juu. "Miaka ishirini, na njia huijui!" akafoka mmoja. Ndipo Bi Sawda, ajuza aliyevimba miguu, akajikongoja akasimama. "Mwanangu, miguu inaniuma, nami nimekasirika, sikufichi. Lakini ungeninyamazia, ningemwendea Mola wangu na ibada yenye kasoro. Haya, tangulia."

Wakarudi, wengine wakinung'unika njia nzima.

Mwaka uliofuata Nuumani alibaki nyumbani, akiamini jina lake limekwisha. Msimu ulipofika, wakaja wageni mlangoni kwake, wengi kuliko miaka yote. Akawauliza kwa haya, "Je, hamkusikia kwamba niliwapoteza wenzenu?"

"Tumesikia," wakajibu. "Tumesikia pia kwamba aliyewaambia ni wewe."

Ndugu zangu, wangapi kati yetu tumewakosea watu wanaotuamini, tukanyamaza? Mola atupe ulimi wa kukiri mapema, kabla hatujawapeleka mbali. Amina.