Kijana Aliyelala Kaburini mwa Mama wa Mfalme

Paukwa!
— Pakawa!
Nikiongopa?
— Tutakusahihisha!
Nikinyamaza?
— Tutakuamsha!
Haya, kaeni vizuri. Wewe uliyesimama mlangoni, ingia au toka.

Hapo zamani alikuwepo kijana, jina lake Semkiwa. Kwao watu wana utani. Mtani wako akifiwa, unakwenda msibani, unajitosa kaburini kabla ya maiti, unajifunika mkeka, unasema, "Sitoki mpaka mnipe kuku!" Wafiwa wanacheka huku wanalia. Wanakupa kuku, unatoka, mnazika.

Siku moja Semkiwa akasafiri. Akatembea, akatembea, akavuka mito mitatu, akaingia nchi ya watu. Akakuta mazishi makubwa. Mama wa mfalme amefariki, mfalme analia kama mtoto. Semkiwa akamhurumia. Akafanya nini?

Naam. Akajitosa kaburini.

"Sitoki mpaka mnipe kuku!"

Hakucheka mtu. Nchi ile haijui utani. Askari wakamtoa kwa mguu, wakamtia gerezani. Sheria yao ni moja: anayemkosea maiti atafungwa mpaka maiti amsamehe. Na maiti, jamani, mnamjua. Hasemi.

Habari zikafika nyumbani. Mjomba wake akaruka. "Mpwa wangu? Nitawaonyesha!" Akatembea, akatembea, akavuka mito mitatu. Akafika barazani, akamwita mfalme mjinga mbele ya watu. Hasira hasara. Akafungwa.

Kaka yake akasema, "Mjomba hana akili. Penye udhia penyeza rupia." Rupia hana, ana asali. Akatembea, akatembea, akavuka mito mitatu, akampenyezea askari mtungi. Askari akaulamba wote, akajifuta mdomo, akamfunga. Msicheke, nanyi mngefanya hivyohivyo.

Akabaki shangazi, Nyamvula. Huyu hakuruka. Akasonga ugali, akaufunga kwenye majani ya mgomba, akatembea, akatembea, akavuka mito mitatu. Akafika gerezani akauliza, "Mwanangu yu hai?"

"Yu hai."

"Amekula?"

"Jana."

"Basi naomba nimwone."

Akaonyeshwa. Akaona miguu ya Semkiwa ilivyovimba kwa minyororo, akalia.

"Shangazi, sikumtukana mtu. Nilitaka mfalme acheke."

"Najua, baba. Kula."

Mjomba naye akanyoosha mkono, na kaka akanyoosha. Akawagawia. Kisha akaenda kukaa barazani, siku ya kwanza, siku ya pili. Anatazama tu. Siku ya tatu kikaingia kitoto cha kike, miaka minne hivi, pua inatiririka. Mfalme akainuka kitini, akainama, akasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba," kikajibu, kikakwea kitini.

Nyamvula akamwuliza askari. Kuuliza si ujinga. "Huyo nani?"

"Binti wa mfalme, Mashavu. Amerithi jina la marehemu bibi yake. Kwetu, mwenye jina ndiye mwenyewe."

"Ndiye kabisa?"

"Kabisa."

Nyamvula akasimama. "Shikamoo, mfalme. Kijana wangu atafungwa mpaka marehemu amsamehe?"

"Ndiyo sheria."

"Na marehemu si huyu hapa, amekaa kwenye kiti chako?"

Mfalme atasema nini? Akikataa, amemkana mama yake. Akakubali kwa kichwa.

Nyamvula akapiga magoti mbele ya mtoto. "Bi Mashavu, kuna mtu alilala kaburini mwako."

"Alilala?"

"Alilala, akajifunika mkeka, akadai kuku."

Mtoto akacheka mpaka akataka kuanguka. "Akapewa?"

"Hakupewa. Alifungwa."

Kicheko kikakatika. Mtoto akamgeukia mfalme, amenuna. "Kwa nini hakupewa? Mpeni kuku wake, aende kwao!"

Mfalme akamtazama mtoto. Nasikia machozi yalimlengalenga, na mdomo ukacheka. Mara ya kwanza tangu msiba.

"Mama amesema. Mfungueni."

Semkiwa akatoka anachechemea, kuku mwekundu kwapani. Nyamvula akamshika mkono, wakafika mlangoni. Hapo akageuka.

"Mfalme, na wale wawili? Ni ndugu zetu."

"Wale?" Mfalme akamwondoa mama yake kitini taratibu, akakaa mwenyewe. "Wale hawakumkosea marehemu. Mmoja alinitukana, mwingine alitaka kumnunua askari wangu. Wale wamenikosea mimi, msamaha wao uko kwangu. Na mimi, mama, sijafa."

Ngano imekwisha, koo limenikauka.
Iliyo tamu?
— Tugawane!
Iliyo chungu?
— Mpelekee mjomba!