Kidani Chenye Alama za Meno

Ngano, jamani!
— Ije tuipokee!
Yaja na nini?
— Na utamu wake!

Hapo kale palikuwa na mwanamke, jina lake Mwatime. Alifiwa na mama yake kabla hajaijua sura yake. Hata alipozaa mwana wake wa kwanza, kila akimnyonyesha alijiuliza: mama naye alinipakata hivi?

Bibi yake, Bi Riziki, ndiye aliyemwambia habari za mama.

"Mjukuu wangu, mama yako alikuwa na kidani cha dhahabu, na vito vya akiki vyekundu kama punje za komamanga. Ulipoota meno, ukiacha titi unatafuna kidani. Ukavuta, ukavuta, kifungo kikakatika. Akakipeleka kwa sonara Kibwana. Kabla hajakifuata, Mungu akamchukua."

Mwatime akambeba mtoto mgongoni, huyo, mpaka kwa sonara.

"Hodi, fundi. Nimefuata kidani cha marehemu mama."

Kibwana, jamani, mikono yake laini, moyo wake jiwe! Alikuwa amekipenda kidani kile. Akatengeneza viwili vya shaba mfano wake, akavipaka dhahabu, akingoja siku kama hii. Akavipanga vyote vitatu mkekani.

"Mwenye mali huijua mali yake. Chagua kimoja. Ukikosea, usirudi."

Mwatime akavitazama. Vyote vinang'aa. Akavipima mkononi. Vyote vizito. Akavinusa. Vyote havinuki mama. Machozi yakamlenga.

Mtoto akamng'ata bega.

"Loo!" Mwatime akakumbuka. Akatia kidani cha kwanza kinywani. Ulimi ukateleza. Cha pili. Ukateleza. Cha tatu. Ulimi ukaingia kwenye vishimo vidogo, mgongoni mwa kidani.

"Ala!" Kibwana akamaka. "Kwenu hakuna chakula?"

"Kipo, fundi. Ila hiki nilianza kukila zamani, nimekuja kumalizia."

Mwajua, jamani, sonara hung'arisha uso wa kidani. Mgongo unaolala kifuani nani auone? Na dhahabu safi ni laini, jino la mtoto huiingia. Shaba haing'atiki.

Mafundi wenzake waliokuwa wakifua pembeni wakaziona alama za meno, wakaangua kicheko. "Njia ya mwongo ni fupi, Kibwana! Mpe mwenyewe!"

Akampa.

Asubuhi yake, Mwatime alikivaa kidani, akaketi kumnyonyesha mwanawe. Mtoto akaacha titi, akakidaka, akatafuna.

"Mnyang'anye, atakiharibu!" Bi Riziki akapiga kelele.

"Mwache, bibi," akasema Mwatime. "Naye aache alama zake."

Ngano yangu nimeifunga kifungo.
— Mwenye yake na afungue!