Amani ya Yamna, Mfua Sufu

Wamesimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi wa yote, kwamba katika mji mmoja mdogo wa bandari huko Maghrib aliishi mjane mcha Mungu aliyeitwa Yamna. Kazi yake ilikuwa kufua sufu. Wafumaji walimletea manyoya ya kondoo yakiwa na tope na mafuta, naye aliyakanyaga kwa miguu katika kijito kinachoingia baharini, kisha akayaanika juu ya majabali.

Alikuwa na mwana mmoja tu, Maimuni, baharia. Chombo cha Maimuni kilitekwa na Wazungu wa kisiwa fulani, naye akafungwa minyororo kwenye merikebu ya makasia. Tangu hapo Yamna hakupata habari zake. Kila mwaka baridi ilipokwisha aliitoa sandukuni kanzu ya sufu ya mwanawe, akaifua na kuirudisha, ili siku atakayorudi asiikute imeliwa na nondo.

Zama hizo watu wa Amerika walikuwa wamejitoa katika utawala wa mfalme wa Uingereza na kutweka bendera yao wenyewe. Sultani wa Maghrib alikuwa ameamuru merikebu zao zipokewe kwa salama katika bandari zake, lakini mkataba wenye muhuri ulikuwa bado haujaandikwa. Waingereza nao walishikilia kwamba aliyezaliwa chini ya mfalme wao atakufa chini yake. Walizisimamisha merikebu za Wamarekani baharini, wakachukua mabaharia na kuwatumikisha kwa nguvu katika manowari zao.

Asubuhi moja manowari ya Kiingereza ilitia nanga mbele ya mji ili kuchota maji. Yamna alikuwa kijitoni, miguu ndani ya sufu, alipomwona mtu akitambaa kutoka mawimbini. Alikuwa kijana mwenye nywele rangi ya majani makavu, na mgongo wake ulikuwa umechanwa kwa mijeledi. Nyuma yake mashua ilikuwa inakuja mbio. Kijana alimtazama Yamna, akatazama mashua, akamtazama tena Yamna.

"Usiogope," Yamna alisema, akamfunika kwa rundo la sufu mbichi.

Haikumficha sana, maana miguu yake ilibaki nje. Waingereza walimwona mara moja. Lakini ile ilikuwa ardhi ya Sultani, na wafumaji waliokuja kuchukua mali yao walisimama katikati wakakataa kupisha. Basi wote wakaenda kwa liwali.

Nahodha wa manowari alidai kijana ni mtu wa mfalme wake, ametoroka kazini. Kijana, jina lake Yosia, alieleza kwa mkalimani kwamba yeye ni Mmarekani, na kwamba alinyakuliwa kutoka merikebu ya biashara. Liwali aliuliza kama kuna mkataba wowote na dola hiyo mpya. Hakuna aliyeweza kumwonyesha. Dirishani kwake mizinga ya manowari ilionekana vizuri, na liwali hakuwa mtu wa kupenda makelele. Alikuwa amekwisha kufungua mdomo amtoe kijana, pale Kadhi Tayibu, aliyeketi kando yake, alipouliza yule mama mfua sufu alimwambia nini mgeni.

Kisha akawaeleza sababu ya kuuliza. Katika sharia yetu, alisema, amani ikitolewa na Muislamu yeyote, mwanamume au mwanamke, hata aliye duni kuliko wote, inawafunga Waislamu wote, na liwali yumo, na Sultani yumo. Wala haihitaji karatasi. Mwenye kumwambia mgeni "usiogope" amekwisha kumpa amani.

Nahodha alicheka sana alipotafsiriwa. Aliuliza iwapo katika nchi hii mambo ya wafalme huamuliwa na wafua manyoya. Lakini kijito kilikuwa na kelele asubuhi ile, na neno lilipotamkwa wafumaji walikuwa bado mbali. Hapakuwa na shahidi wa neno hilo ila Yamna mwenyewe. Liwali, akitaka hasira zipoe, aliahirisha shauri hadi baada ya sala ya alasiri, kabla Yamna hajajibu.

Sasa, jirani yake Yamna alikuwa Bi Izza, mwanamke mwema ambaye mdomo wake haukuwa na mlango. Mkalimani wa nahodha alipopita kuomba maji, Izza alimpa maji pamoja na habari zote za mtaa, na ya Maimuni ikiwamo. Kabla ya adhuhuri ujumbe ulikuwa umerudi kwa Izza kutoka manowarini. Nahodha alisema mfalme wake ana usuhuba na mabwana wa kisiwa kile. Mama na aseme hakumwambia mgeni neno lolote, na Maimuni atafunguliwa na kuletwa nyumbani.

Izza aliingia kwa Yamna bila kubisha hodi.

"Dada yangu, hutaambiwa useme uongo. Utaambiwa unyamaze tu."

"Ninyamaze ninapoulizwa na kadhi?"

"Na uzeeni utapewa maji na nani? Na yule mwenye nywele za majani makavu? Hata kuomba maji yake mwenyewe hajui."

Izza akakaa chini, na sauti yake ikabadilika.

"Ulipougua, nani alimnyonyesha Maimuni? Ni mwanangu pia, Yamna. Usiamue peke yako."

Maneno hayo yalimchoma kuliko yote, kwa kuwa yalikuwa kweli. Izza alipoondoka, Yamna alifungua sanduku, akaitoa ile kanzu, akaiweka mapajani. Alijaribu kusema polepole, asikike na kuta tu, "Sikumwambia neno." Lilimtoka kwa urahisi, kama mtu anayesema leo kuna upepo. Urahisi huo ndio uliomtisha. Akatia udhu, akasali, akatoka.

Barazani kwa liwali watu walikuwa wamejaa. Kadhi Tayibu naye alikuwa amekwisha kusikia ahadi ya nahodha. Alimtazama Yamna kwa muda, kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Mama, fikiri kabla ya kujibu. Mtu akishtuka hujituliza mwenyewe. Huenda ulikuwa unasema na nafsi yako."

Yamna alitambua kwamba kadhi amemfungulia mlango kwa huruma, na kwamba akipita hapo hakuna mtu mjini atakayemlaumu. Alimwona Izza mbele ya watu, mikono kifuani. Alimwona na Yosia, ameketi sakafuni, nyuzi za sufu zingali zimemganda nywelani. Yosia hakujua kinachosemwa, ila alijua wote wanamwangalia mama yule.

"Sikuwa nasema na nafsi yangu, Sheikh," Yamna alisema. "Nilimwambia yeye. Nilimwambia, usiogope."

Izza alijifunika uso kwa shuka yake.

Nahodha aliruka kusema kwamba mtu huyu hajui Kiarabu hata neno moja, na amani isiyoeleweka si amani. Kadhi akaamuru Yosia aulizwe alielewa nini pale kijitoni. Yosia alifikiri kidogo.

"Neno sikulijua," alisema, na mkalimani akatafsiri bila kutaka. "Nilielewa kwamba nimefika kwa mtu."

Kadhi akahukumu kwamba amani imethibiti. Liwali akamwambia nahodha kwamba shauri limekwisha. Nahodha alipompita Yamna alisimama, akamtuma mkalimani amwambie kwamba leo amemzika mwanawe kwa ulimi wake. Yamna aliinamisha kichwa.

Manowari iling'oa nanga jioni ile. Ilipokuwa inageuka ilifyatua mzinga mmoja kuelekea kijitoni, majabali yakapasuka na sufu ya watu ikatawanyika baharini. Hakuna aliyeumia. Yosia aliingia majini akaikusanya, na tangu hapo alikanyaga sufu kando ya Yamna, hata ikaja merikebu ya kwao. Siku ya kuondoka alimbusu mkono kama wana wa mji ule wanavyowabusu mama zao. Baadaye mkataba wa Sultani na dola ile uliandikwa na kutiwa muhuri, lakini habari hiyo haikufika kijitoni.

Izza hakusema na Yamna kwa muda mrefu. Kila Ijumaa, hata hivyo, mkate wa moto uliwekwa kizingitini, na aliyeuweka hakubisha hodi.

Miaka ikapita. Kisha akaja mtu mwembamba, mwenye alama za pingu miguuni, anauliza nyumba ya mama yake Maimuni. Jina lake Hadu, alikuwa amekombolewa kutoka kisiwa kile. Izza alimwona akipita, akamfuata ndani. Hadu aliwaambia kwamba Maimuni alikufa kwa homa, akiwa kwenye kasia. Yamna alimuuliza ni lini. Alipojibiwa, wanawake wale wawili walitazamana, maana ilikuwa majira ya baridi yaliyotangulia kufika kwa manowari ya Waingereza. Izza akaanza kulia.

"Alipokata roho," Yamna aliuliza, "kulikuwa na mtu karibu yake?"

"Mimi nilifungwa mbali, mama. Kando yake alikuwapo mfungwa wa Kizungu, mwizi aliyehukumiwa makasia. Hakujua lugha yetu. Alivua koti lake akamfunika, akawa anamwambia maneno hadi mwisho. Hatukuyaelewa."

"Mwanangu aliyaelewa," Yamna alisema.

Kisha akaenda sandukuni, akaitoa ile kanzu, akamvika Hadu.

Mwenyezi Mungu awarehemu mama na mwana. Yamna hakujua siku ile kwamba mwanawe amekwisha kufa; angalijua, jibu lake lisingalikuwa na uzito. Alijibu akiamini kwamba yu hai na anangojea, na hapo ndipo palipo na thawabu yake. Tumuombe Mola atujaalie ulimi wa namna hiyo, siku tutakapoulizwa na pasiwepo shahidi ila Yeye.