Koti la Abiria wa Usoke

Kaeni vizuri mnisikilize, na mwenye jibu asiliseme mpaka nimalize, maana hata mimi ninayesimulia sinalo.

Palikuwa na watu watatu pale Itigi, mji ulio kando ya reli. Sitta kinyozi alijaliwa macho. Sura aliyoiona mara moja haimpotei, hata ikizeeka. Mwamvua mama ntilie alijaliwa subira. Aliuguza mama mkwe aliyekuwa akimtukana, na hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. Elinami, mkagua tiketi wa stesheni, alijaliwa kumbukumbu ya maneno. Akisikia jambo analirudia kama lilivyosemwa, pumzi kwa pumzi.

Wa nne ni Kalunde, mwalimu wa chekechea huko Dodoma. Yeye hakujaliwa kitu ila baba maarufu.

Baba yake, mzee Kapela, alicheza filamu moja tu iliyovuma. Iliitwa Abiria wa Usoke, nayo ilizungushwa mikoani kwa gari la sinema, watu wakaitazama kwenye shuka jeupe mpaka wakaikariri. Ndani yake mzee mmoja mwenye koti refu la kaki yuko kwenye benchi la stesheni. Anataka kurudi kwao Usoke, ila hapandi treni yoyote, kwa sababu anamsubiri binti yake, Sela, aliyepotelea mbali. Treni zinaingia, zinatoka, na kondakta anamuuliza mbona hapandi. Filamu inakwisha mzee bado yuko kwenye benchi.

Kalunde aliichukia filamu ile. Alipokuwa mdogo, kila alikopita na baba yake watu waliuliza, "Huyu ndiye Sela?" Naye alijibu, "Mimi naitwa Kalunde." Baba alicheka tu, akawapa watu mkono.

Uzee ulipomfika Kapela, ulianza na akili. Alisahau mke aliyemzika, akasahau nyumba, mwisho akamsahau Kalunde. Asubuhi moja binti yake alipokuwa kazini, mzee alivaa koti lake la kaki akatoka. Alipanda treni ya kwenda bara bila tiketi, wakamshusha Itigi. Akakaa kwenye benchi la stesheni, na kuanzia hapo hakutaka kuondoka.

Watu walipita wakamwona mwendawazimu. Ndevu zilimfunika uso, koti limejaa vumbi. Siku hiyo Sitta alikuwa anakwenda kupokea mzigo wa dawa za nywele. Akapita, akasimama, akarudi nyuma. Alimtazama kwenye mboni, akaenda kuchukua wembe wake. Alimnyoa taratibu hapohapo kwenye benchi mpaka uso ukajitokeza. Akamwambia, "Mzee, mimi nilikuona kwenye shuka nikiwa nimebebwa mgongoni." Sitta akampiga picha, akaituma kwenye makundi yote ya simu aliyokuwamo, nayo ikasafiri mikono kwa mikono hadi ikamfikia Kalunde.

Lakini picha haimlishi mtu. Kapela alikuwa hali chochote. Ukimpa sahani anaisogeza, anasema chakula ni cha Sela. Mwamvua akafunga kibanda chake mapema, akaja na uji akakaa naye. Akinyweshwa kijiko anatema, Mwamvua anamfuta mdomo. Anatema tena, anamfuta tena, mpaka akameza. Akambadilisha nguo alipojichafua, akamtandikia mkeka nyuma ya kibanda, na kila alfajiri alimrudisha kwenye benchi kwa sababu mzee alilia asipoiona reli. Mganga wa zahanati alisema bila ule uji Kalunde angekuta maiti.

Kalunde alifika kwa treni ya mchana. Alimkimbilia baba yake akapiga magoti.

"Baba, ni mimi. Twende nyumbani."

Kapela alijivuta pembeni. Akamwambia Mwamvua, kwa adabu kabisa, "Mama huyu simjui. Mwambie anisamehe, namsubiri binti yangu."

Treni ya kurudi Dodoma ikaingia. Wanaume wawili walijaribu kumwinua, akashika benchi akalia kama mtoto, ikabidi wamwachie. Hapo Elinami akavaa kofia yake ya kazi, akasimama mbele ya mzee, akasema kama yule kondakta wa kwenye filamu:

"Abiria wa Usoke, mbona hupandi?"

Kapela akanyooka mgongo. Sauti iliyotoka ilikuwa nzima, ya zamani. "Namsubiri binti yangu."

Wakaendelea hivyo, neno hili na jibu lake. Wakafika pale ambapo kwenye filamu kondakta hugeuka akaenda zake. Elinami hakugeuka. Alisema, "Binti yako yumo ndani, mzee. Amekushikia nafasi dirishani." Kisha akamwashiria Kalunde atangulie. Mzee akainuka mwenyewe, akapanda.

Ndani ya behewa alikaa mkabala na Kalunde, akamtazama, akatazama nyuma yake. "Sela yuko wapi?" Aliuliza hivyo hadi Dodoma.

Nyumbani hakukaa sana. Mapafu yalishaingiwa na baridi ya benchi. Kila jioni aliuliza kama Sela amefika, na kila jioni Kalunde alimjibu, "Baba, mimi Kalunde. Mwanao ndiye mimi." Mzee aligeukia ukutani. Siku moja alasiri pumzi zilipokuwa nzito, alimuuliza tena. Kalunde akamshika mkono.

"Nimefika, baba."

"Wewe nani?"

"Mimi Sela."

Kapela akamtazama vizuri usoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu. Akampapasa shavu. "Umekua," akasema. "Basi tumeshafika Usoke." Akavuta koti lake lililokuwa limetandikwa miguuni. "Hili mpe aliyenifikisha nyumbani." Kabla ya magharibi akawa amekwenda.

Wale watatu walikuja msibani. Siku ya arobaini walirudi, Kalunde akalitoa koti akaliweka mkekani mbele yao, akawaeleza maneno ya mwisho ya baba na wasia wake.

Sitta akasema, "Dada, bila mimi angekuwa kichaa asiye na jina. Angezikwa na halmashauri."

Mwamvua akasema, "Mimi sijui kudai. Ila mkono huu ndio uliomrudishia pumzi mkamkuta hai."

Elinami akasema, "Mlikuwa naye nyote, naye akabaki pale pale kwenye benchi. Alipanda kwa maneno yangu."

Shangazi yake Kalunde, dada wa marehemu, akawakatiza. "Koti ni la huyu mtoto. Nyinyi mlimleta Dodoma. Lakini mmesikia alivyosema mwenyewe, alifika nyumbani pale mtoto alipomwitikia."

Kalunde akatikisa kichwa. "Shangazi, aliyeitikia si mimi. Mimi nilimwitikia miaka yote, akageukia ukutani. Aliyemfikisha ni Sela, na Sela hayupo duniani nimpelekee koti."

Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na hakuna aliyelisogelea lile koti.

Haya, wenzangu, nimemaliza, na koti bado liko mkekani. Kuna aliyemtambua, kuna aliyemlisha, kuna aliyempandisha treni, na kuna aliyelikana jina lake mwenyewe ili baba afe na furaha. Wasia unataka mtu mmoja. Wewe unayenisikiliza, ungelikuwa umekaa pale, ungemvika nani?